Dirisha Linalotazama Chumba Kingine

Tulipoikodi ile nyumba ya Merrylands, huku ughaibuni, mimi ndiye niliyeisema vibaya. Ya zamani, miaka kama mia, paa lake limeinama kingoni kama kofia iliyoshushwa usoni, ndani mbao nyeusi tupu. Kilichonichekesha zaidi ni dirisha la chumba cha kulala: lilitazama chumba kingine! Zamani nyuma ya nyumba kulikuwa na baraza wazi. Mtu akaizungushia mbao na vioo akapata chumba, dirisha akaliacha palepale.

"Hawa walijenga wamelewa," nilimwambia mume wangu.

"Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake," akajibu. "Na uzuri wake huujui pia, mama."

Ikaja korona. Nilikuwa nikiwaogesha wazee kwenye makao fulani, na siku moja nikapigiwa simu: mzee wangu mmoja ameambukizwa, nikae siku kumi na nne bila kumgusa mtu. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe mwenye pumu, na binti yangu wa miezi kumi na moja, bado ananyonya.

Niliingia kile chumba cha baraza kwa mlango wa uani. Choo cha zamani kilikuwa hukohuko uani. Sikucheka tena.

Kila asubuhi mama mkwe alimleta mtoto dirishani. Lilikuwa limegandishwa na rangi iliyopakwa juu ya rangi, halifunguki. Siku za kwanza mtoto alilia akipiga kioo, nami nalia upande wangu, matiti magumu kama mawe, nakamua na kumwaga. Siku ya tano alishika chupa, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Kufikia siku ya tisa alinitazama kama anavyotazama televisheni. Niliogopa ameachishwa mama, si ziwa tu.

"Mtoto hamsahau mama yake," mama mkwe alisema kupitia kioo. "Acha ujinga."

Sikuwa na kazi ila kuitazama nyumba. Jua la Agosti, ambao huku ni mwezi wa baridi, lilipita chini ya paa lile refu likafika hadi kitandani. La Januari, wakati wa joto, nilikumbuka, halikuwahi kuingia. Fremu zilishikana bila msumari kuonekana, hata kwenye kona ambayo hakuna mtu angeiangalia. Fundi aliyeijenga hakuwa mlevi. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Siku ya kumi na nne nilipewa ruhusa. Nikaingia kupitia jikoni, mikono wazi. Mtoto akapiga yowe, akajificha shingoni mwa bibi yake, akanyoosha kidole dirishani. Kwake yeye, mama yake anaishi kule.

Nilikasirika, sifichi. Nikarudi kile chumba cha baraza nilie peke yangu. Mtoto akaniona nyuma ya kioo, akacheka, akaanza kukipiga.

Mume wangu alichukua kisu cha jikoni, akakata rangi kuizunguka fremu yote, akasukuma. Ndani ya ukuta tulisikia vyuma vinavyoning'inia kwa kamba kusaidia dirisha kupanda na kushuka vikigongana, nalo likapanda kwa vidole viwili, jepesi, baada ya miaka isiyojulikana.

Mtoto alipiga tena, kioo hakipo. Kiganja kikanipata puani. Akashtuka. Akanishika mdomo, akanishika sikio, akalivuta. Kisha akajitupa mbele mwili mzima, nikampokea juu ya kizingiti cha dirisha, naye akaanza kulitafuta ziwa palepale, mbele ya baba yake na bibi yake.

Maziwa yalikuwa yamekaribia kukauka. Hakuliachia ziwa.