Mstari Mmoja wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu anayekaa Bunda nilimfundisha kompyuta mimi. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani Butiama limeshasahaulika.

Wote wawili tunachangia kuandika kernel, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta. Faili likitafutwa, kernel hulitengenezea kiingizo chenye jina lake, kisha hukipa kanuni za kukitunza. Katika mfumo wa faili tulioushughulikia, kanuni hizo zilitolewa upya kila mahali kiingizo kilipotengenezwa. Mimi, hapa Musoma na umeme wetu wa kukatika, nilizisafisha sehemu hizo moja moja, nikajiona fundi. Kabla sijatuma kazi yangu, yeye akatuma yake: kanuni zinawekwa mara moja tu diski inapounganishwa, na kila kiingizo kinazaliwa nazo. Mstari mmoja. Jasho langu lote likawa la bure. Nilimwonea wivu, sifichi.

Nikaisoma kazi yake nikitafuta kosa, nikalipata. Mstari wake aliuweka baada ya folda kuu kutengenezwa, kwa hiyo folda hiyo, iliyobeba nyingine zote, ilibaki haina kanuni. Ningeweza kumpigia simu. Nikaandika kwenye kundi la barua pepe linalosomwa na wataalamu wa dunia nzima, ili wamwone.

Akaupandisha mstari juu kidogo, akanishukuru mbele ya watu walewale, kazi ikapokelewa. Jina lake likakaa juu, langu chini, kama mtu aliyegundua kosa. Nilikuwa nimemkamilishia.

Jumamosi tukakutana kwa mama. Alishawatangazia wanakwaya wenzake, waliokuja kula nasi, kwamba mwanawe wa Bunda anatengeneza kompyuta za dunia nzima. Mimi nilitambulishwa kwao kuwa ndiye niliyeleta samaki, wale sato. Kwetu maji ya kunawa huanzia kwa mkubwa, lakini siku hiyo mama alinipita na jagi lake, akasimama mbele ya mdogo wangu.

Naye mdogo wangu akarudisha mikono nyuma. "Mama, anza na kaka," alisema. "Mimi nilikuwaga naangalia tu anavyofanya yeye."

Nilimchunguza usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Mama akarudi na jagi, nikanawa. Afadhali angenawa yeye kwanza, nikapata cha kumchukia.