Leo Nilikuwa Neptuni

Leo darasa zima limenisahau ndani ya shamba la kahawa.

Mwalimu wetu wa fizikia katoka semina ya kufundisha elimu ya anga, akaja na mbinu mpya. Mpira wa miguu ukawa Jua, pale katikati ya uwanja. Dunia ikawa punje ya ulezi, hatua ishirini na tatu tu kutoka kwenye mpira.

Mimi, kwa kuwa huwa sibishi, nikapewa Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote. Punje moja ya kahawa mkononi, hatua mia saba.

"Simama huko mpaka nikuite," akasema.

Nikahesabu. Mia saba ikanikuta kwenye mibuni ya bibi mmoja aliyekuwa anavuna.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye kahawa yangu?"

"Mimi ni Neptuni, bibi."

"Huo ni ukoo wa wapi?"

Nikasimama tu. Kengele ikalia kwa mbali, na mimi sikuitwa. (Ile aibu ya kurudi bila kuitwa, mnaijua?)

Niliporudi, wenzangu walikuwa wanalipiga Jua mateke golini. Mwalimu akaniona.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema ukweli.

"Chooni, mwalimu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukusanya sayari zake kwenye bahasha. Ya kwangu hakuiulizia. Ninayo hapa, kwenye mfuko wa sketi.

Kuna mwingine amewahi kusubiri kuitwa? Niambieni, hata kwa kunicheka.