Meza ya Karibu na Mlango wa Jikoni

Shangazi yangu Persis Nyaboke hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Kwetu Tabaka, huko Kisii, alisugua mawe ya sabuni kwa msasa na maji tangu usichana wake, na wanunuzi walipokuja kutoka mbali wakasifu mabakuli yake ya mawe hayo, aliitikia kwa kichwa tu akaendelea na kazi. Lakini kulikuwa na chumba kimoja duniani kilichomnyima usingizi, na hakuwa amewahi kukiona.

Chumba chenyewe kilikuwa ukumbi wa kulia katika hoteli moja kubwa ya Nairobi, ya tangu zamani. Mumewe, Mzee Nyamongo, aliosha masufuria huko enzi za ukoloni. Siku hizo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo Nyamongo aliuona ukumbi ule kwa kuiba tu, kila mlango wa jikoni ulipofunguka weita akipita na sinia. Akija likizo alimsimulia mkewe habari za taa za vioo, vitambaa vyeupe, na watu wanaokula kimya utadhani wako kanisani. Alifariki kabla ya uhuru. Shangazi alibaki na hamu moja, na hakuificha: kabla hajafa, aketi ndani ya ukumbi ule ale mpaka sahani iishe, kwa niaba ya wote wawili.

Mwaka wa sabini na moja binti yake Esnah alijifungua mtoto wa kwanza huko Nairobi, na shangazi akapanda basi kwenda kumwona mjukuu. Mume wa Esnah, Andrew Omwenga, alikuwa karani wa kampuni ya bima, kijana wa tai na moyo safi. Akamwuliza mkewe wamfurahishe mama kwa kitu gani. Esnah akamweleza ile hamu ya miaka mingi. Andrew, kwa furaha yake, akaenda mwenyewe kuagiza meza ya watu watatu, mchana wa Jumapili.

Watu watatu! Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile haya ya heshima baina ya wakwe. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Andrew aliyajua hayo tangu utotoni. Nafikiri aliamini kwamba chinsoni ikipanda basi hufika Keumbu tu, hata haijatoka Kisii, ikashuka ikarudi nyumbani.

Mtoto aliachwa kwa jirani. Shangazi alivaa gauni lake la kanisani na kilemba kipya. Mlango wa mbele ulifunguliwa na mzee mwenye kofia ndefu, na shangazi akasita kizingitini, akimkumbuka marehemu aliyezunguka nyuma miaka yote ile. Kisha akaingia. Taa zilining'inia juu zikimetameta mchana kweupe. Maweita wa kanzu nyeupe na mishipi myekundu walipita bila hata viatu kusikika. Aliketi, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, kama anavyopapasa jiwe baada ya msasa wa mwisho, akitafuta mkwaruzo. Hakuupata. Alitamani kulia kwa sababu Nyamongo hakutia chumvi hata kidogo katika masimulizi yake.

Hapo ndipo Andrew alipovuta kiti cha tatu akaketi mbele yake.

Shangazi aliinamisha macho. Alikuwa amedhani, kama mtu yeyote mwenye akili zake, kwamba mkwe atawafikisha tu kisha aende zake. Supu ikaletwa. Akaiacha ipoe. Esnah alimnong'oneza kwamba huu ni mji, hapa hakuna anayejua mambo hayo.

"Mimi najua," shangazi alisema taratibu. "Nimekuja kula, Esnah, na njaa ninayo. Lakini siwezi kufungua kinywa mbele ya mume wako."

Andrew alisikia. Uso ulimwiva kwa aibu, akainuka, akamfuata msimamizi wa maweita akaomba meza nyingine. Msimamizi, mzee mkavu asiyependa vurugu, alimjibu kwamba meza zote zina wenyewe, na kwamba katika nyumba hii mgeni hahamihami.

"Yule ni mama mkwe wangu," Andrew alisema. "Nikirudi pale, hatakula."

Msimamizi alimtazama, kisha akasema iko meza moja ndogo karibu na mlango wa jikoni, ambayo wageni huikataa kwa ajili ya kelele. Andrew akaichukua. Akageuza kiti, akakaa peke yake, mgongo kwa ukumbi mzima, huku mlango ukifunguka na kujifunga ubavuni mwake kila weita alipopita. Watu waliacha kula wakamtazama. Yeye hakugeuka.

Shangazi alipoinua macho aliuona ule mlango, akaujua. Ulikuwa ndio huo. Mumewe alisimama pale na mikono yenye masizi akichungulia huku, na sasa pale pale ameketi mkwe wake ili yeye apate kula. Aliniambia kwamba zile taa zote zilipungua thamani saa ile. Akala supu yote, baridi vile vile.

Kuku wa kuoka alipoletwa, alikata kipande kinono kuliko vyote, akakiweka kwenye kisahani, akamwomba weita ampelekee bwana yule wa mlangoni. Weita akamweleza kwa adabu kwamba bwana yule ana kuku wake.

"Anaye," shangazi alisema, "lakini hajapewa na mimi. Mkwe hali kwangu bila kuandaliwa na mkono wangu."

Weita akakipeleka. Andrew alisimama. Akapokea kisahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya ule mlango wa jikoni, bila kugeuka nyuma, na akala akiwa wima mpaka kikaisha.

Shangazi aliporudi Tabaka, wanawake walikuja kumwuliza habari za taa. Aliwaambia zipo, ni nzuri, kisha akawasimulia mgongo wa mkwe wake hadi mawe ya sabuni waliyokuwa wakiyasugua yakakauka mikononi mwao.