Picha ya Mzee Philemoni

Mzee Philemoni alichora picha moja tu kubwa maishani mwake. Ilionyesha nyumba za Wameru zikiungua Ngare Nanyuki mwaka 1951, siku serikali ya kikoloni ilipowafukuza ili walowezi wapate ardhi. Mbele ya moshi, mwanamke mjamzito anakimbia. Huyo alikuwa mama yake mzazi.

Mzee alipofariki, binti yake Anyesi, mkulima wa kahawa huko Akheri, aliitoa picha kwa makumbusho moja mjini Arusha. Nyumba yake ilikuwa ikivuja. Aliona kule itatunzika.

Mwaka jana makumbusho yalikarabatiwa, na mgeni rasmi akatarajiwa. Anyesi aliombwa aje kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Alipofika alisoma maelezo mapya chini ya picha: “Wananchi wakihamia makazi mapya.”

“Shikamoo mama,” alisema Calvin, mhifadhi wa makumbusho.

“Marahaba. Nani kaandika hivi?”

Calvin alishusha sauti. “Maelekezo yametoka juu. Kuna watu wanahamishwa sasa hivi kupisha mradi. Hawataki picha ilete maneno.”

“Na huu moto?”

“Wamesema tuwaambie wageni ni mabua yanachomwa.”

Mgeni rasmi alifika, akampa Anyesi mkono, kamera zikapiga picha. Kisha Anyesi akapewa kipaza sauti.

“Huyu ni bibi yangu,” alisema. “Hakuhama. Alifukuzwa. Alijifungulia njiani kwenda Kingori, mtoto akafa.”

Kipaza sauti kikazimwa. Watu wakapiga makofi, mgeni akasogea kwenye kabati la vibuyu.

Wiki iliyofuata Anyesi alirudi, akakuta picha haipo. Calvin alimwambia iko stoo, inafanyiwa matengenezo.

“Basi nirudishieni.”

“Ulishasaini mama. Ni mali ya taifa.”

Nyumbani, kaka yake Eliud hakumhurumia. “Ungenyamaza. Maandishi yangedanganya, lakini watu wana macho, moto wangeuona. Sasa nani ataona nini?”

Jambo hilo hilo Anyesi alikuwa ameshaliwaza peke yake, akakosa usingizi.

Kule makumbusho, ukutani mahali pa mchoro wa baba yake, waliweka picha yake mwenyewe akipeana mkono na mgeni rasmi. Chini yake waliandika: “Familia ya msanii ikishukuru.”