Mkono Niliokutana Nao Chini ya Shuka

Nimewahi kushika mkono wa mtu chini ya shuka la hospitali, na kitandani nilikuwa peke yangu.

Msinicheke bado.

Naitwa Shigela, fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma. Siku hiyo nilipeleka ng'ombe wa mahari Magu, nyumbani kwa Gladness wangu. Si dume mmoja akagoma kuingia zizini? Nami kwa kutaka sifa mbele ya wakwe, nikamkamata pembe.

Alinirusha kama gunia la pumba. Mkono wa kushoto ukavunjika.

Baba yake Gladness, Mzee Machibya, akanileta mwenyewe hospitali Mwanza. Njia nzima ananiangalia usoni. Nikajikaza kisabuni. Nilijua nikitoa chozi tu, mke sina.

Tukapokelewa na Dokta Josepha, dada wa Kihaya asiye na muda wa kupoteza. Akatueleza wanafanya utafiti. Kwa kupigiwa kura, wagonjwa wengine wanapewa dawa za kawaida, wengine wanachomwa sindano ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu. Mkono wote unalala, mwenyewe uko macho, mfupa unanyooshwa.

"Maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi, ni ngapi?"

Nikamtupia mzee jicho. "Sifuri."

"Mfupa umekatika, kaka yangu."

"Sifuri, dokta."

"Haya. Aliye chini ya nne hatumchukui."

Jamani! Mzee alipogeukia dirishani, nikanyoosha vidole vya mkono mzima: vitano, halafu vitatu.

Dokta akaandika nane huku anabana kicheko. Nikasaini. Kura ikaniangukia sindano.

Dakika ishirini baadaye, maumivu kwaheri! Raha niliyoisikia, nilitaka kumwimbia nesi. Nikapitisha mkono mzima chini ya shuka nijikune tumbo.

Nikagusa vidole.

Vya mtu. Vya moto, vizito, vimelala tu.

"Mamaaa! Kuna mtu humu!"

Dokta akafunua shuka. "Shigela, huo ni wako."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nikafumba macho. Basi, Gladness ndiyo ameshaniponyoka.

Nilipofumbua, Mzee Machibya alikuwa ameinama, anajifuta machozi ya kucheka.

"Mwanangu, vile vidole vinane niliviona kwenye kioo cha dirisha."

"Shikamoo, baba." Ndilo lililonitoka.

"Marahaba. Mimi mwaka jana nilivunjika mguu, wakaniuliza hivyohivyo. Nikasema kumi na mbili."

"Kipimo kinaishia kumi, mzee," dokta akasema.

"Kipimo chenu kiliisha. Mguu wangu ulikuwa bado unaendelea."

Kisha akanishika bega. "Njia nzima nangoja useme unaumia. Binti yangu atakuuguzaje, kama kila siku wewe ni sifuri?"

Tulioana Septemba.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilinifichua wakati siumwi hata kidogo! Ndugu yangu, ukiumia sema.

Gladness huniuliza kila jioni nikirudi kazini, "Ngapi leo?"

Namtajia namba yangu ya kweli, hata baba mkwe akiwa sebuleni.