Verlin na Tangi Lisilovuja

Shemeji yangu Verlin Hostetter, kaka wa mke wangu, alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha mitungi ya kioo hapa kwetu Indiana. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya mkanda, mitungi ikipita juu yake, na kuutoa ule wenye ufa. Sasa mtu aliyelipwa miaka yote hiyo kutafuta nyufa, usidhani ataacha akistaafu. Akija kwangu kunywa kahawa, kwanza anakiinua kikombe kwenye taa. Siku moja mke wangu Opal alimpa kikombe cha bati kwa makusudi, tuone atafanyaje. Akakigonga kwa kucha, akasikiliza.

Katika chumba cha chini ya nyumba yake alikuwa na matangi ya kioo ya kufugia samaki aliyoyaunganisha mwenyewe kwa gundi ya silikoni, na kilichomtia kiburi kuliko yote ni kwamba hakuna hata moja lililowahi kuvuja. Magoti yalipokataa kubeba ndoo za maji aliwagawa samaki, lakini matangi akabaki nayo, matupu, yamepanguswa yakang'aa. Nilimshauri ayauze. Akanijibu nianze mimi kuuza mashua yangu ambayo haijaona ziwa tangu niinunue. Nikaona mazungumzo yameharibika, nikaomba kahawa nyingine.

Ndipo mti ulipoiangukia nyumba ya magurudumu ya dada yao, Nadine, naye akahamia kwa Verlin na mjusi wake. Mjusi yule ni wa aina ya ndevu za miiba, urefu wake tangu ncha ya kidole hadi kiwiko, na anaitwa Shemasi, kwa kuwa hukaa ametuna koo, macho nusu yamefumba, kama mashemasi wa kanisani kwetu mahubiri yakirefuka. Nadine hana mtoto wala paka. Asubuhi humsimulia Shemasi ndoto zake, na Shemasi, tofauti na sisi wengine, hamkatizi.

Kizimba cha Shemasi kilikuwa kimepondwa na ule mti, basi Verlin akamweka katika tangi moja la samaki. Hapo ndipo shida ilipoanza. Tangi la samaki mdomo wake uko juu. Kila Nadine alipoingiza mkono kumpa jani, Shemasi alijibana chini, ndevu zikawa nyeusi kama lami, na chakula hakukigusa. Mimi nilisema siku ile ile kwamba mjusi anaogopa kinachotoka juu, maana huko juu ndiko anakotokea mwewe. Hakuna aliyenisikiliza. Akaja kusema daktari wa wanyama, maneno yale yale, ila yeye alikuwa na koti jeupe. Akasema atafutiwe kizimba chenye mlango wa mbele, upesi, maana ameshaanza kukonda mkiani.

Vizimba vya dukani bei yake ni ya kukaa chini kwanza kabla hujatajiwa. Nadine akampigia simu mwanamke mmoja wa mji wa Terre Haute anayefuga mijusi, akamwomba amchukue Shemasi ikiwa hatakula hadi Jumapili. Alipoweka simu alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Verlin akasema asihangaike, tangi analo, atalilaza ubavu, mdomo utazame mbele, ataweka mlango. Nikamwambia, "Weka vioo viwili vya kuteleza kwenye reli za plastiki, vipishane. Kazi ya mchana mmoja." Akaniuliza nilisomea wapi uhandisi. Nikamwambia shule niliiacha mapema ili wenzangu nao wapate nafasi ya kushinda.

Hakutaka reli. Alisema vioo vya kuteleza vinaacha upenyo. Akatengeneza mlango wa bawaba, akauzungushia mpira, akaupigia vibanio vya chuma kama vya mitungi ile ya zamani. Kisha, na hapa Opal ni shahidi yangu, alitoboa tundu dogo juu, akaingiza bomba la bustani, akalijaza tangi maji mpaka pomoni. Nyumba ya mjusi wa jangwani! Tukasimama gerejini tukilitazama. Tone halikutoka. Verlin alikuwa na uso wa mtu aliyebatizwa upya.

Alilikausha, akaliziba tundu, akamtia Shemasi na taa yake ya joto. Hatujamaliza kula viazi, kioo kilikuwa kimefunikwa na mvuke kama cha bafuni, na Shemasi ndani amepanua mdomo. Nadine aliruka akafyatua vibanio, akamtoa, akamkumbatia kifuani.

"Verlin," alisema, "umemsindika Shemasi kama matango ya siki."

Mimi nilicheka mpaka Opal akanitoa nje. Nikiwa nje nilimsikia Nadine tena, safari hii polepole. "Kaka, simtaki asiyevuja. Namtaka anayekula."

Asubuhi nilimkuta Verlin gerejini amepiga magoti, yale magoti yake, ameng'oa mlango. Mkononi ana waya mwembamba ambao niliutambua vizuri sana: ulikuwa uzi wa gitaa langu. Alikuwa akiupitisha katikati ya kioo cha juu na gundi, huku na huku kama msumeno, kukitoa kioo kizima aweke wavu wa chuma, ili joto la taa lishuke na hewa ipande.

"Hili lilikuwa la kwanza kulitengeneza," akasema bila kugeuka. "Shika hapo, na usizungumze."

Nikashika. Kuhusu kutozungumza, nilijitahidi. Mbele tukagandisha reli, vioo viwili vikipishana, na upenyo kati yake unapitisha kadi ya posta. Aliutazama upenyo ule kama mtu anayetazama jino lake lililong'olewa, lakini aliuacha.

Jumapili baada ya kanisa Nadine alisukuma kioo, akapeleka jani la mchunga taratibu, mkono ukija usawa wa macho ya Shemasi. Ndevu zilibaki njano, hazikugeuka nyeusi. Shemasi alilitazama jani, akamtazama Nadine, akalinyakua, na karibu aondoke na ukucha. Nadine alikaa pale pale sakafuni, na gauni lake la kanisani, akaomba jani lingine.

Mwanamke wa Terre Haute alifika saa hiyo hiyo, kasha la kubebea mjusi mkononi, maana kwa furaha hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Nadine alimwomba radhi, akampa pai ya tufaha. Yule mama hakukasirika. Alikiinamia kizimba, akakitelezesha kioo huku na huku, akauliza kama kuna matangi mengine kama hilo.

Verlin akamwambia matangi yake hayauzwi. Kisha akamuuliza mjusi wake mkubwa kuliko wote ana urefu gani.