Neno Aliloandikiwa Boaz

Mimi Zuhra nina mdomo, na leo sitaufunga. Kila nikipita mbele ya ofisi ya Deusdedit damu inanichemka, basi bora niseme nipumue.

Nashona nguo hapa Mwakitolyo, kibaraza kimoja na Scolastika mwenye steshenari. Dada huyu alisomea ualimu wa Kiingereza, akafundisha kwa kujitolea miaka sita bila ajira, akachoka, akanunua printa kuukuu na kamusi. Watu humletea barua za kutafsiri. Ukimletea mistari mitatu atakaa nayo nusu siku: anaandika neno, anafuta, anaandika lingine linalofanana nalo. Nilikuwa namtania kwamba anapika maneno kama maharage ya zamani. Naye hunijibu kwamba hata maneno yana ndugu, lakini ndugu si lazima wawe na roho moja.

Sasa sikiliza. Boaz, tuliyemwita Baba Nelly, alifukiwa na kifusi duarani siku ya Alhamisi, akafa. Duara ni shimo la dhahabu, na matimba ya duara lao, yale magogo yanayozuia kuta zisibomoke, yalikuwa yameoza tangu masika. Kila mtu alijua. Kampuni yenyewe ni ndogo, ina mbia mgeni, na injinia wake anakaa Mwanza, Kiswahili hajui. Ripoti ya Kiingereza ndiyo ingemfanya aruhusu duara lifunguliwe Jumatatu, au alifunge mpaka matimba yabadilishwe. Likifunguliwa, watu kumi na wawili wangeshuka. Mmoja wao ni Masele, kaka yake Mbuke, na Mbuke ndiye mjane wa Boaz.

Jumamosi asubuhi akaja Deusdedit, meneja wa duara, na daftari la maelezo ya wachimbaji. Wote watatu walioulizwa, Masele akiwemo, walisema jambo moja: Boaz alikuwa jasiri, hakuwahi kuogopa kitu. Scolastika akachapa "brave". Deusdedit akasoma kwenye kompyuta, akatikisa kichwa, akataka aweke "reckless". Scolastika akakataa. Akanieleza na mimi, maana nilishaacha cherehani nasikiliza, kwamba la kwanza ni sifa, la pili ni mtu asiyejali, aliyejitakia mwenyewe.

"Madamu, usitupotezee muda," Deusdedit akasema. "Yote mawili ni mtu asiyeogopa. Chapa hilo langu."

Jamani, kaburi bado bichi! Nilimwambia atutolee viatu vyake kibarazani. Akasema atarudi saa kumi, na kama haiko tayari ataipeleka kwa mwingine mjini.

Nikadhani tumeshinda. Kumbe Scolastika ameshika kichwa, hata "brave" yake inamkera. Mtu jasiri hushuka mwenyewe, aliniambia. Hakuna aliyemtuma, na duara halina kosa. Akafunga duka, tukapanda bodaboda kwenda msibani.

Masele tulimkuta chini ya turubai. Scolastika akamuuliza kama kweli Boaz alishuka kwa hiari yake. Ndipo akatueleza. Wachimbaji hawa hawamziki mwenzao na woga. Aliyefia duarani husifiwa kwamba alikuwa dume, hata kama alikufa analia, na asiyemsifu anatazamwa kwa jicho baya. Basi walipoulizwa msibani, tena na meneja mwenyewe ameshika kalamu, wakasifu. Ukweli ni kwamba Boaz alikataa kushuka mara mbili. Alisema matimba yanalia. Deusdedit akamwambia kama anaogopa arudi nyumbani, wanaoitaka nafasi yake wamejaa nje.

Nilimkasirikia meneja, na nikawakasirikia hao wanaume na sifa zao za kijinga, maana walikuwa wanajichimbia kaburi la Jumatatu.

Scolastika akasema kuna maneno matatu mbele yake. "Cowardly" ni tusi. "Timid" ni mtu aliyezaliwa mnyonge. "Afraid" ni mtu yeyote aliyeiona hatari ikimjia, na hilo ndilo angeliandika. Lakini alijua kwamba wachimbaji wangesikia woga tu, neno liwe lipi. Mzee Mageni, baba mdogo wa marehemu, akakataa katakata. Wajukuu wake hawataitwa watoto wa mwoga.

Hapo Mbuke akatoka ndani. Tangu azike hakuwa amesema na mtu. Akapiga magoti mbele ya mzee, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Baba, niwie radhi," akasema. "Waandike aliogopa. Asubuhi ile aliniambia mimi, akaniomba nimwambie abaki. Nikafungua kanga yangu, nikamwambia kama anaogopa aivae."

Mzee Mageni akajifunika uso kwa kofia. Hakuna aliyempinga Mbuke tena. Masele akatoa maelezo mapya, akasaini. Mbuke akaweka dole gumba. Anwani ya barua pepe ya injinia ilikuwa juu ya fomu ya ripoti, na Scolastika akaituma ripoti mwenyewe kabla saa kumi haijafika.

Jumatatu injinia akaja. Alishika timba moja tu, likamegekea mkononi. Duara likafungwa.

Deusdedit bado anakalia kiti chake, na hilo linanikaba mpaka leo. Nelly naye shuleni anaitwa mtoto wa mwoga, kama babu yake alivyohofia. Juzi nikawakuta baadhi ya wale waliokuwa washuke Jumatatu ile, wamekaa kwenye kijiwe cha kahawa, wanacheka habari ya kanga ya Mbuke. Nikawavaa hapo hapo.

"Angeandikwa jasiri," nikawauliza, "leo ninyi mngekuwa mnachekea wapi?"